Kagua gari wiki moja kabla ya kwenda nyumbani Desemba

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hujaa magari madogo yaliyobeba familia nzima, mizigo imepanda hadi inaziba kioo cha nyuma. Mengi ya magari hayo yameshinda mwaka mzima kwenye foleni za Mbezi na Mbagala. Sasa yanatakiwa kwenda zaidi ya kilomita 500 kwa siku moja, kwenye jua la Korogwe na Same, yakiwa na watu watano na gunia la mchele. Ombi langu kwa wenye magari: kagueni wiki moja kabla, maana asubuhi ya safari hakuna fundi wala duka la vipuri litakalowasubiri. Na mkikuta kitu kimepungua, msijaze tu mkafunga boneti. Kwanza tafuteni kilikopotelea.

Anza alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare na injini imepoa. Chungulia chini kabla hujaliondoa. Doa lolote la majimaji lina habari yake. Maji masafi yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi gari lilipokuwa likitembea hayana neno. Doa la oili, la kulanti (maji maalumu ya rejeta) yenye rangi au la mafuta ya breki ni jambo jingine.

Vuta kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Oili ikizidi nayo huleta madhara. Weusi peke yake usikutie hofu, ndiyo kazi ya oili kubeba uchafu. Cha kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu hapo maji yameingia kwenye injini na huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku yake, imekufa. Gari la namna hiyo lisitoke mjini.

Rejeta ndiyo inayoangusha wengi njiani. Mfuniko wake umetengenezwa kuzuia mgandamizo, na kwa sababu hiyo maji ya ndani yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua injini ikiwa ya moto, mgandamizo unaachiwa ghafla na maji yanageuka mvuke palepale, usoni kwako. Usiufungue mpaka injini ipoe kabisa, hata kama abiria wana haraka. Asubuhi injini ikiwa baridi, angalia kiwango kwenye chupa ya akiba, kisha fungua mfuniko wa rejeta uone kama maji yamefika shingoni. Angalia pia mpira wa mfuniko kama umepasuka, kwa kuwa mfuniko mbovu unatosha kufanya gari lichemshe. Maji ya bomba yaliyogeuka kutu ni dalili kwamba gari limenyimwa kulanti muda mrefu. Na ikiwa unaongeza maji kila wiki, pana mahali yanapotokea: bomba la mpira, pampu ya maji, rejeta yenyewe, au gasketi. Fundi apatafute sasa.

Matairi yapime yakiwa baridi, kwa sababu yakishatembea upepo hupanda na kipimo hukudanganya. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo utakuta kipimo cha upepo kwa kPa: 230 ni kama 33 kwenye mashine ya sheli inayosoma kwa psi, kipimo kingine cha upepo. Kisha soma umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya tairi) nzuri linaweza kuwa limezeeka na kupata nyufa ubavuni, na ndilo linalopasuka kwenye lami ya moto. Usinunue la mtumba bila kusoma tarakimu hizo.

Tairi la akiba husahaulika kuliko yote. Lile jembamba linalokuja na magari mengi ya Japani linahitaji upepo wa 420 kPa, karibu mara mbili ya mengine, na halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Litoe, lipime, na ujaribu kufungua nati moja kwa spana ya gari lako mwenyewe. Nati zilizokazwa kwa mashine huwa hazikubali kufunguka.

Mafuta ya breki hushuka taratibu kadiri pedi zinavyoisha, hivyo ukiyajaza bila kuangalia pedi umejifichia ugonjwa. Chungulia kati ya rimu kwa tochi. Pedi ikiwa chini ya milimita 3 ibadilishwe. Washa injini, kanyaga pedali na uishikilie: ikizama polepole, kuna kuvuja. Anayepanda Lushoto kutoka Mombo azingatie hili mara mbili, kwa sababu kurudi ni mteremko na kona, na huko hushukwa kwa gia ndogo ili breki zisiungue.

Yaliyobaki ni ya dakika chache. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri usafishe. Belti isiwe na nyufa. Waipa zifute bila kuacha michirizi. Taa za breki mwombe mtu akuangalizie nyuma. Leseni na bima zisiwe zimeisha, triangili ziwemo, na mshale wa mtungi wa kuzimia moto uwe kwenye kijani.

Gari likitoka gereji, liendeshe mjini siku mbili tatu ukiwa na masikio wazi. Kama magurudumu yalifunguliwa, kaza nati upya baada ya kilomita 50 hivi.