Kabla Hujauza Simu Yako, Ipitishe Kwanza Hapa

Wengi wanaokuja kibandani kwangu hapa Majengo, Dodoma, kuuza simu wanunue nyingine, simu zao ni nzima kabisa. Kilichowachosha ni chaji kutokaa na nafasi kujaa. Vingine vyote bado wanavihitaji: laini, M-Pesa, picha za watoto, namba za wateja, na vidole vilivyokwisha kuzoea kila kitufe. Usiyaache hayo kwa sababu ya betri.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa mizunguko. Ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Apple wanasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia ziliundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, zikitunzwa vizuri. Sasa jua letu la Oktoba na Novemba halitunzi kitu! Joto huizeesha betri haraka sana, kwa hiyo usiiache simu kwenye dashibodi, na wewe wa bodaboda unayeifunga kwenye usukani, itoe unaposubiri abiria. Usingoje izime ndipo uichaji. Ichomeke ikifika 20, na ukiweza ichomoe kwenye 80. Usiichaji chini ya mto. Ikivimba mpaka kioo kikanyanyuka, izime, usiichaji wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Simu ikigoma kuingiza chaji, usikubali upesi kwamba sistimu chaji, yaani sehemu ya ndani ya kupokea chaji, imekufa. Kiangazi upepo wa huku hujaza vumbi kwenye tundu, na kila ukichomeka waya unalishindilia. Zima simu, uchokonoe taratibu kwa kijiti cha meno kikavu. Sindano hapana, inaharibu pini. Mzee mmoja kutoka Bahi alikuwa ameshaambiwa anunue simu mpya; nilichotoa mle ni vumbi na nyuzi za mfuko wa suruali, ikaingiza chaji.

Nafasi ni rahisi: zuia WhatsApp isijipakulie video yenyewe, futa zile kubwa za magrupu, picha za familia uzihamishie kwenye memori kadi. Programu za kusafisha simu usiziweke.

Ila simu iliyoacha kupata masasisho ya usalama, yaani maboresho ya kuilinda dhidi ya wezi wa mtandaoni, ondoa programu ya benki humo. M-Pesa endelea nayo kwa *150*00#, haihitaji programu wala bando.