Kishada cha gazeti na chelewa: tengeneza na wanao msimu huu wa kusi

Kusi ndo hiyo imeshachangamka, watoto wapo likizo ya mwezi wa sita, na nyumba nyingi hapa Dar kuanzia asubuhi mpaka jioni ni katuni tu kwenye tivii. Juzi nilikaa barazani na wanangu na watoto wa jirani tukatengeneza vishada, jioni mama wa hao watoto wa jirani akaniomba nimuandikie hatua zote maana wanaenda Tanga kwa bibi yao na anataka waendelee huko huko. Basi nimeona niandike kwa ajili ya kila mzazi, maana nawaona watu wananunua vile vya nailoni vya dukani wakati karibu kila kinachohitajika kipo nyumbani, na kishada alichokitengeneza mtoto mwenyewe kikapaa hakilingani kabisa na cha kununua. Hapo amepima, amekata, amefunga mafundo, na ameujua upepo. Wa Zanzibar na Mombasa mnaoita tiara, ni kitu hicho hicho.

Msimu kwanza. Huku pwani kusi inaanza kwenye mwezi wa nne lakini miezi ya kurusha ni wa 6, wa 7 na wa 8, masika imeisha na upepo unavuma bila kukatika katika. Ni upepo huu huu unaowaleta Paje, kule Zanzibar, wale wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada vikubwa. Kaskazi nayo inafaa, Desemba mpaka Februari. Katikati hapo, kipindi cha maleleji, upepo haueleweki, leo huku kesho kule, mtoto atakimbia uwanja mzima atachoka na kukata tamaa, bora msubiri. Wa bara msiwe na wasiwasi, Dodoma, Singida na Makambako mna upepo wa kutosha kuliko hata sisi.

Vitu vya kutafuta

Magazeti mawili ya zamani, fagio la chelewa (utachomoa chelewa chache tu, fagio litaendelea na kazi), unga wa ngano, uzi, kitambaa kilichochakaa, na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda. Basi.

Kuhusu karatasi nina msimamo. Sisi wengi tulikua tukitengeneza kwa rambo, ila Tanzania Bara mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na wenzetu Kenya walitangulia Agosti 2017, na mimi sioni sababu ya kurudi huko kwa mlango wa nyuma. Kuna wanaotumia ile mifuko myeusi ya taka, ni kweli ni myepesi na hailowi, lakini kishada kikikatika uzi kinaishia baharini au juu ya mti na kinabaki hapo miaka. Gazeti likikatika linaloa linakwisha. Karatasi ya kalenda na maboksi achana nazo, nzito mno. Ile khaki ya kufunikia madaftari inawezekana kama upepo ni mkali kweli, lakini mtoto anayeanza mpe gazeti.

Uzi: nunua ule wa kushonea magunia, una nguvu na unashikika vizuri mkononi. Uzi wa cherehani mmoja mmoja hauwezi kishada cha ukubwa huu kusi ikikaza. Mshipi wa kuvulia samaki SITAKI kabisa kwa watoto, unakata vidole na hauonekani, mtu wa bodaboda akipita hauoni mpaka umfike shingoni.

Hatua ya 1: Vijiti

Tunatengeneza cha sentimita 60 kwa 60. Mianzi watu wanaisifia ila mimi kwa watoto nachagua chelewa kila siku, haina haja ya kuchongwa kwa kisu, na upepo ukizidi mabawa yanajipinda yenyewe kwa nyuma kishada kinatulia. Mwanzi mgumu hauna hiyo, unasimama tu unapigana na upepo.

Ila chelewa ina tabia moja lazima uijue: shina lake nene, ncha yake nyembamba. Ukiweka moja peke yake kwa mlalo, bawa moja litakuwa gumu na zito, lingine laini, na kishada kitavutia upande mmoja siku nzima. Dawa yake ni kufunga mbili pamoja kwa kuzipishanisha, shina la moja likae kwenye ncha ya nyingine, alafu uzifunge na uzi kila baada ya kiganja kimoja. Cha mlalo weka mbili, cha wima weka tatu. Kata vyote viwe sentimita 60. Bara mkikosa chelewa tumieni matete au bua la mtama lililopasuliwa, sheria ni ile ile, pande mbili zilingane. Kupima ni rahisi, weka cha mlalo juu ya kidole katikati yake kabisa, kikilala upande mmoja punguza upande huo kidogo kidogo.

Sasa kwenye kijiti cha wima pima sentimita 15 kutoka juu, hapo ndo cha mlalo kinapita. Funga kwa uzi kwa mtindo wa msalaba mpaka kisicheze. Alafu zungusha uzi kwenye ncha zote nne uupate umbo, ukivutwa vizuri bila kupinda vijiti.

Hatua ya 2: Gundi

Vijiko viwili vya unga wa ngano, kikombe cha maji. Koroga kwanza kwa maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndo ubandike jikoni moto mdogo ukikoroga mpaka uone inakuwa nzito na inang'aa kidogo. Chumvi kidogo isivunde. Kama jana mlipika wali na umebaki, wali ulioiva sana ukiupondaponda unashika vile vile. Gundi za dukani za kukauka haraka usiwape watoto, zinagandisha vidole na zinakaa nzito sehemu moja.

Hatua ya 3: Karatasi

Gazeti moja lililofunuliwa halitoshi, unganisha mawili, yapishane sentimita mbili tu. Likauke kwanza. Laza vijiti juu yake, kata ukiacha sentimita mbili au tatu nje ya uzi, pindia ndani, bandika. Gundi ipake nyembamba, wakipaka kama siagi karatasi itakunjamana na uzito utaongezeka. Weka kivulini mpaka kikauke chote, huku pwani jioni kuna unyevu kwa hiyo bandikeni asubuhi. Kama wanataka kupaka rangi wachore kwa kalamu za rangi, si rangi ya maji.

Hatua ya 4: Hatamu (hapa msiharakishe)

Hatamu ni ule uzi wa mbele unaoshika kishada sehemu mbili kabla ya kufika kwenye uzi mrefu wa mkononi. Vishada vingi ninavyoletewa eti "kimegoma" havina ubovu wowote, karatasi nzuri, vijiti vizuri, hatamu ndo imefungwa kwa kukisia. Watu wanakimbilia kuongeza mkia, wanabadilisha karatasi, wanalaumu upepo, kumbe ni suala la kusogeza fundo nusu sentimita. Ndo maana nitakaa hapa.

Kata uzi wa mita moja. Upande wa mbele ni ule wenye karatasi tupu, vijiti vinakuwa nyuma, maana upepo unatakiwa usukume karatasi ijiegemeze kwenye vijiti, ukigeuza upepo utaibandua. Ncha moja ya uzi funga juu ya kijiti cha wima, ncha ya pili funga chini kabisa ya kijiti hicho hicho. Toboa kwa sindano na ubandike kiraka kidogo cha gazeti hapo ili tundu lisipanuke. Ukishafunga, uzi uliobaki katikati ya ncha hizo mbili uwe kama sentimita 88.

Kwa nini 88? Vuta huo uzi kwa pembeni, ukiwa umelaza kishada chini. Ukiukaza ufike ncha ya bawa la kulia, kona ya uzi igusane na ncha ya bawa. Kutoka juu mpaka ncha ya bawa ni kama 33 na nusu, kutoka ncha ya bawa mpaka chini ni kama 54. Kwa hiyo hata ukibadilisha ukubwa wa kishada huna haja ya kukariri namba, bawa lenyewe ndo rula yako. Pale ilipogusa ncha ya bawa weka alama ya kalamu, hapo ndo pa kuanzia.

Kwenye alama hiyo weka kile kishikio cha kopo la soda. Usikifunge kwa fundo la kufa! Pitisha uzi wa hatamu ukiwa umekunjwa ndani ya tundu, alafu kirudishe kishikio chote kipite ndani ya kitanzi hicho, kaza. Fundo hili likivutwa linashika halitelezi, lakini ukililegeza kwa kidole linasogea juu na chini. Uzi mrefu unafungwa kwenye kishikio.

Sasa kukisoma kishada. Ninaposema juu namaanisha kuelekea kichwani, chini ni kuelekea mkiani.

Kikivuta mkono kwa nguvu sana lakini hakipandi, kinayumbayumba tu chini chini, maana yake kimesimama wima mno kinaukinga upepo, kishikio kiko chini sana. Sogeza juu, nusu sentimita, SI ZAIDI, ujaribu tena. Kikipanda kwa kasi mpaka karibu juu ya kichwa chako alafu kinalegea na kuja chini kifudifudi, au karatasi inapigapiga bila kushika upepo, kimelala mno, kishikio kiko juu sana, shusha nusu sentimita. Watoto watataka kusogeza kwa sentimita tatu nne kwa mpigo, wazuie, ukiruka hivyo unapita mahali sahihi bila kujua na unaanza kuzunguka pale pale.

Kikizunguka kama pia, acha hatamu, hiyo ni habari ya mkia mfupi. Kikivutia upande mmoja tu, kila ukirusha ni kushoto, hatamu pia haihusiki, bawa moja ni zito. Kishike kwa vidole viwili, kimoja kichwani kimoja chini, uone bawa gani linashuka, alafu lile jepesi libandike kipande kidogo cha gazeti nyuma yake.

Na jambo la mwisho kwenye hatamu, upepo wa saa tatu asubuhi si wa saa tisa alasiri. Ukikaza, sogeza kishikio juu kidogo. Ukilegea, shusha kidogo. Kwa hiyo kishada kilichopaa vizuri jana kikigoma leo msikichane, anzeni na kishikio. Weka alama ya kalamu kila mahali palipofanya kazi, baada ya siku chache hatamu yenyewe itakuonyesha.

Hatua ya 5: Mkia

Mita tatu mpaka nne. Chana kanga iliyochakaa au fulana vipande vya upana wa vidole viwili, unganisha. Anza na mrefu, punguza kikiwa kizito kupanda. Mafundo ya vitambaa katikati si mapambo tu, yanashika upepo na kukitulizia.

Hatua ya 6: Kurusha

Mmoja anashika kishada, mmoja uzi, mpeane hatua ishirini hivi, mwenye uzi aupe upepo mgongo. Mwenzake akiachia (asirushe juu, aachie tu) we vuta uzi kwa mkono. Hakuna haja ya kukimbia kama kuna kusi, kukimbia ndo kunawaangusha watoto wakiangalia juu. Kikishika upepo, kiachie uzi taratibu, kikilegea vuta.

Pa kurushia: Coco Beach maji yakiwa yamekupwa panafaa sana, mchanga unakuwa mpana, au uwanja wowote wa shule ulio wazi. Mitaani penye nyaya za umeme hapana, na hapa naomba sana wazazi tusimamie wenyewe. Kishada kikinasa kwenye waya kinaachwa, hakichokolewi kwa fimbo, hakivutwi, uzi uliolowa unapitisha umeme. Cha gazeti ni bure, kesho mtatengeneza kingine. Juu ya paa asipande mtu. Karibu na uwanja wa ndege msirushe kabisa, na uzi usikatize barabara hata kama ni ya vumbi. Kuna vijana wanapaka uzi vioo vilivyosagwa ili wakate vya wenzao, mimi hilo silifundishi na wanangu nimewakataza.

Mkirudi nyumbani zungushieni uzi kwenye kopo tupu, mkia uvuliwe ukunjwe peke yake, na kishada kining'inizwe ukutani kwa msumari, si kuegeshwa sakafuni, maana gundi ya unga mende na panya wanaipenda sana.