Somo: Kusoma kiinitete cha ng'ombe siku ya 7

Hili ni la wanaojifunza kuhamisha viinitete (mimba changa kabisa) kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine huku Njoro, Molo na Rongai. Wengi hukariri madaraja ya ubora bila kujua wanatazama nini. Mnatazama jinsi seli zilivyoshikana, basi.

1. Hesabu siku sawasawa. Siku ya 0 ni ile ng'ombe aliposhika joto.

2. Soma lebo ya maji ya kuoshea kizazi ili kutoa viinitete. Yapo yenye kalsiamu na yasiyo nayo. Chukua yenye nayo. Seli hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini, na bila kalsiamu protini hiyo hulegea. Kliniki za uzazi zinapotaka kuchomoa seli moja kwenye kiinitete cha binadamu cha siku ya 3, hutumia makusudi maji yasiyo na kalsiamu.

3. Tafuta ukingo. Kwenye morula nzuri, yaani kiinitete kikiwa bado donge la seli lisilo na nafasi ndani, seli hazihesabiki tena, zimekazana, ukingo laini. Vijiseli vilivyotengwa pembeni vinashusha daraja.

4. Tafuta uwazi, yaani nafasi yenye maji ndani; kiinitete chenye nafasi hiyo huitwa blastosisti. Seli za nje hufungana kwa viungio vya kubana, kisha pampu zao husukuma sodiamu ndani, maji yanaifuata, blastosisti inajaa. Viungio vikivuja, pampu zinajisumbua bure.

Uhondo wenyewe uko hapa, ingawa umechunguzwa zaidi kwa panya. Seli ya nje ina upande usioguswa na mwenzake. Kwa sababu hiyo Hippo, mfumo wa ishara ndani ya seli, hunyamaza, protini ya YAP huingia kwenye kiini cha seli na jeni ya Cdx2 huwaka: seli inashika njia ya kuwa kondo la nyuma. Ya ndani imebanwa pande zote, Hippo inafanya kazi, YAP inazuiwa nje ya kiini. Mwili wa mnyama hutoka kwenye kundi hilo la ndani.

MASWALI

Kutoka Bahati: Daktari, kitabu kinasema seli hukazana zikiwa 8. Mbona za ng'ombe bado?
– Hicho ni cha panya. Ng'ombe husubiri hadi seli 16 au 32. Usitupe kiinitete kwa kipimo cha panya!

Kutoka Subukia: Blastosisti iliyogandishwa ikinywea baada ya kuyeyushwa, imekufa?
– Si lazima. Iweke kwenye joto lake, uiangalie tena baada ya saa chache. Ikijaa upya, viungio na pampu viko sawa.

Kutoka Molo: Na ng'ombe hujuaje ana mimba?
– Seli zile zile za nje hutoa protini ya ujumbe iitwayo intaferoni tau, na karibu siku ya 16 ujumbe huo huzuia kizazi kuvunja mwili wa njano kwenye ovari, ambao hutoa homoni ya kutunza mimba. Ujumbe ukichelewa, ng'ombe atarudi kwenye joto.