Kapasita mbili mfululizo: zipe rezista
Ukifunga kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) mbili za volti 450 mfululizo kwenye DC ya volti 700, usidhani kila moja itabaki na 350. Mwanzoni zinagawana volti kinyume na ukubwa wa mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake): yenye ndogo hubeba zaidi. Baadaye mvujo (mkondo mdogo unaopenya ndani ya kapasita) ndio unaoamua, na inayoumia ni ile nzima, kwa sababu isiyovuja sana hubeba volti nyingi zaidi. Funga rezista zinazolingana, moja sambamba na kila kapasita, zipitishe mkondo kama mara 10 ya mvujo. Kwa mvujo wa miliampia 0.2, weka kiloomu 150 za wati 2 (kila moja itakula karibu wati 0.8 muda wote), na hakikisha zinahimili volti hizo. Kwenye mipigo ya haraka ya volti rezista hizi hazisaidii. Kapasita iliyochoka, badilisha tu.