Namna ya kukisia kama oparesheni ya presha ya macho itashika

Mzee wangu analima viazi kule Isyonje. Jicho lake la kushoto lilikuwa linasoma presha 34, juu sana, na matone matatu tofauti anaweka. Akapasuliwa, kesho yake asubuhi wametoa bandeji wakapima, 9! Nikapiga simu nyumbani, mama akakamata jogoo kabla hata sisi hatujapanda kosta ya Tukuyu. Wiki ya 5 tunarudi kliniki, 26. Kwahiyo wenye wagonjwa naomba muanzie hapa, namba ya siku ya kwanza usitabirie kitu, hilo ni jicho lililotoka kuchimbwa muda huohuo, halijaanza kupona bado.

Na kupona ndo tatizo lenyewe. Wenzangu wa Iringa na Njombe mnaolima vinyungu, yale mashamba ya bondeni, mtanielewa haraka: unachimba mtaro maji yatoke, ukiupa mgongo wiki mbili udongo unarudi unaziba. Daktari naye anafungua kanjia kadogo kwa juu, chini ya kope, maji ya ndani ya jicho yatoke yakae chini ya ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, panatokea kauvimbe, maji yananyonywa polepole. Sasa mwili hauelewi kama huo ni mtaro, unaona kidonda, unakimbilia kutia kovu. Oparesheni nyingine tunaomba kidonda kipone upesi, hii tunaomba kisipone sana.

Kwahiyo ukitaka kukisia, jiulize swali moja tu, jicho hili lina haraka gani ya kutia kovu? Kijana anatia kovu kuliko mzee. Sisi watu weusi tunatia zaidi kuliko wazungu, hiyo imeonekana miaka mingi na haina ubishi. Jicho lililowahi kupasuliwa, hata mtoto wa jicho tu, nafasi inapungua. Presha iliyoletwa na kisukari kilichootesha vimishipa vipya ndani ya jicho, au na uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudiarudia, hizo ni ngumu kweli. Alafu kuna hili watu hawaambiwi, matone yenyewe. Ukiweka kwa miaka matone yenye dawa ya kuzuia yasiharibike, ile ngozi laini inakaa na muwasho muda wote, siku ya kisu inakuta jicho jekundu tayari limekaa kivita. Usiache matone kwa akili yako lakini! Muulize daktari kama jicho linaweza kutulizwa kwanza wiki kadhaa kabla ya kupasua.

Ukishajumlisha hayo uliza mawili. La kwanza, lengo letu ni namba ngapi? Kufaulu kwa huyu mwenye neva ya jicho iliyobaki kidogo inaweza kuwa 12, mwingine 18 inamtosha, na je ni bila matone au pamoja na matone. Na mgonjwa aelewe kabisa kwamba kuona kulikopotea hakurudi, tunalinda kilichobaki, maana nimekutana na watu wanasema oparesheni imefeli kumbe presha iko 11 safi. La pili, mtaweka mitomaisini? Ni dawa inayopakwa pale kwa dakika chache wakati wa oparesheni ili kupunguza kovu, na kwa macho yetu haya inabadilisha hesabu sana. Kama jicho lishapasuliwa huko nyuma ulizia na kale kamrija ka kupandikiza, kanakotoa maji ndani ya jicho. Wamarekani walilinganisha njia hizo mbili kwenye macho ya hivyo, matokeo ya miaka 5 yakatoka 2012, oparesheni ya kawaida ilifeli karibu 47 kwa kila 100, mrija karibu 30. Hapo hiyo ya kawaida ni pamoja na kupakwa mitomaisini, kwahiyo usishangae mambo yakigoma.

Sasa baada ya kupasuliwa, nunua daftari la shule. Kila kliniki andika tarehe, saa, namba, matone anayotumia. Saa ni muhimu kwasababu presha inapanda na kushuka ndani ya siku moja, ya saa 2 asubuhi usiilinganishe na ya saa 9 mchana. Macho yako yakae kwenye wiki ya 2 mpaka ya 8. Ikisoma 10, 13, 17 usisubiri ifike 25 ndo useme, muonyeshe daktari daftari, kipindi hicho bado anaweza kulegeza nyuzi alizoshonea au kufungua kovu kwa sindano. Baadae kovu likikomaa ni kazi nyingine. Sisi tulichelewa kwa kosa letu, mzee aliona nauli ya wiki ya 3 bora anunue mbolea.

Namba sio kila kitu, angalia na kauvimbe. Nawa mikono, mwambie aangalie chini, inua kope kwa kuvutia kwenye mfupa wa nyusi, usiguse jicho lenyewe, mulika na tochi ya simu. Kakiwa kapana, kamelala, kamepauka, hiyo ni dalili nzuri. Kakiwa kekundu, vimishipa vimejikunja kama mizizi, au kameinuka kadogo kagumu kama punje ya mahindi, rudi kliniki wiki hiyohiyo. Cha mzee kilikuwa na ile mizizi kabisa, mimi nikadhani ni vumbi la shambani. Wakapitisha sindano, leo ni mwezi wa 7 anasoma 15 na tone moja. Kwa mtaro ulioanza kuziba nashukuru.

Matone ya steroidi baada ya oparesheni yanachukua miezi miwili mitatu, mwanzoni unaweza kuambiwa kila baada ya masaa mawili na ndo hayohayo yanayozuia kovu, sio ya kuacha eti jicho haliumi. Kuinamia jembe na kubeba magunia asubiri mpaka aruhusiwe.

Na jicho lililopasuliwa likiwa jekundu ghafla, linauma, linatoa matongo au ukungu umeingia, hata kama ni miaka 5 imepita, usinunue matone duka la dawa, panda gari la kwanza siku hiyohiyo uende kwa daktari wa macho.