Mita ya resi inayodanganya kwenye pikipiki ya zamani: pima injini kwanza, fungua mita baadaye

Mita ya resi ya pikipiki ya zamani, ile inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, hudanganya kwa namna chache tu, na kila namna ina mahali pake pa kutafutwa. Wengi hukimbilia kufungua mita yenyewe, ilhali mara nyingi kosa liko chini yake: kwenye kebo, waya wa athi (ule unaorudisha umeme kwenye fremu na hasi ya betri), plagi au koili. Mita iliyofunguliwa bila sababu hurudi na ukingo uliokwaruzwa kwa bisibisi, vumbi ndani ya kioo, na kosa lile lile. Anza kwa kujua injini inazunguka mara ngapi hasa.

Kupata namba ya kweli

Njia rahisi ni kifaa cha kupimia mizunguko kwa mwanga, kile cha kushika mkononi. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta vipuri vya umeme, kiulizie huko huko. Injini nyingi za silinda moja zina kifuniko kidogo cha ukaguzi upande wa magneto, yaani kizalisha umeme cha injini; rota ndiyo sehemu yake inayozunguka. Kifungue, futa kichwa cha bolti ya rota mpaka kikauke, bandika kipande kidogo cha karatasi inayorudisha mwanga, washa injini na uelekeze kifaa hapo. Kwenye injini ambazo magneto yake inazungukia ndani ya oili, matone yataruka nje, kwa hiyo weka kitambaa chini na usipandishe resi sana.

Kama huna kifaa hicho, stima yenyewe itakupimia. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa ya mrija ya zamani yenye choki hupepesa mara 100 kwa sekunde. Chora mstari mmoja mweupe kwenye rota, kuanzia katikati hadi pembeni, kisha tazama chini ya taa hiyo peke yake kwenye chumba chenye giza, mlango wa upande wa ekzosi ukiwa wazi ili moshi utoke. Mstari utaonekana kusimama ukiwa umejigawa: mistari sita kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, mitano kwenye 1,200, minne kwenye 1,500, mitatu kwenye 2,000, miwili kwenye 3,000. Panda polepole ukianzia chini, kwa sababu mitano hurudi tena kwenye 2,400 na mitatu kwenye 4,000. Injini ya silinda moja haizunguki sawasawa kabisa, kwa hiyo mistari ikitambaa pole pole si kitu. Tochi ya betri haifai kwa kazi hii, na si kila balbu ya LED inapepesa. Muhimu zaidi: rota inayoonekana kusimama bado inazunguka, kwa hiyo kidole kikae mbali.

Kwa resi za juu, tumia barabara. Weka alama kwenye tairi la nyuma, mtu akalie pikipiki, isukume mpaka tairi lizunguke mara moja kamili, kisha pima umbali huo chini. Tuseme umepata mita 1.9. Kwenye kilomita 60 kwa saa unakwenda mita 1,000 kwa dakika, yaani tairi linazunguka mara 526. Zidisha na uwiano wa gia zote uliomo kwenye kitabu cha pikipiki: ikiwa uwiano wa praimari (kutoka kranki, mhimili mkuu wa injini, hadi klachi) ni 3.35, gia ya juu ni 0.96, na sproketi ni 14 mbele na 42 nyuma (uwiano 3.0), jumla ni 9.65, na injini inazunguka karibu mara 5,080. Hesabu meno ya sproketi kwa macho yako, maana wenye kubadilisha ili pikipiki ivute mzigo ni wengi. Mwendo uchukue kwa GPS ya simu, usiutoe kwenye spidometa ya pikipiki, kwa sababu nayo huongeza. Southern Bypass au Thika Road alfajiri ya Jumapili itakutosha. Simu ishikwe na abiria.

Andika namba za mita kando ya namba za kweli katika resi nne au tano. Hapo ndipo kosa linajitaja. Mita ikisoma nusu kamili au mara mbili kamili, inahesabu mipigo isiyolingana na yake. Ikizidi kwa 400 kila mahali, hata injini ikiwa imezimwa, mshale umehama. Ikipungua kwa asilimia ile ile kuanzia chini mpaka juu, tatizo ni sumaku au kipimo cha ndani. Ikirukaruka, sahau mita kwanza, shuka kwenye kebo au waya. Kosa la 200 kwenye 4,000 ni asilimia 5, na kwa mita ya umri huo usilihangaikie.

Jambo moja lisikupoteze. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Injini ya kabureta iliyopangiwa hewa ya pwani hupata hewa nyembamba hapa na petroli ya kuzidi, kwa hiyo inaweza kukataa kufika resi ambayo kitabu kinaitaja. Hiyo ni kazi ya jeti, tundu linalopimia petroli kwenye kabureta. Mita haina habari na mwinuko.

Mita ya kebo

Honda CB750 ya 1969 na Kawasaki Z1 ya 1973 ni za aina hii, pamoja na pikipiki nyingine nyingi za enzi hizo. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, kikombe kinavutwa bila kuguswa, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Hakuna kingine cha ajabu mle ndani.

Mshale ukitetemeka resi ya chini na kutulia juu, kebo ni kavu au imekunjwa. Ifungue pande zote mbili, chomoa waya wa ndani, uviringishe kwenye kioo cha meza kwa vidole. Ukiruka badala ya kuviringika laini, umepinda na hauponi. Angalia ncha za mraba: zikiwa zimelika na kuwa duara, zitateleza, na mita itashuka ghafla kisha kurudi. Kebo isipindwe kwa duara dogo kuliko lenye nusu-kipenyo cha sentimita 15, na isifungwe kwa zip tai ya kukaza mahali popote.

Safisha waya kwa petroli, ukaushe, upake grisi nyembamba, lakini acha sentimita 10 hadi 15 za juu bila kitu. Waya unaozunguka hupandisha grisi kama skrubu, na ikifika kwenye mita hugandisha sumaku na kikombe pamoja. Dalili yake ni mshale unaosoma juu kupita kiasi na kuchelewa kushuka, hasa asubuhi za Julai grisi ikiwa baridi. Ukikuta oili safi ya injini ndani ya kebo, sili ya gia ya mita kwenye silinda hedi imekufa. Badilisha sili kwanza, ama sivyo kebo mpya itajaa oili tena.

Kabla ya kununua mita nyingine Kirinyaga Road, soma maandishi madogo kwenye uso wa ile yako. Mita nyingi za Kijapani zimeandikwa uwiano, kwa mfano 1:7, maana yake kebo huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara saba. Mita ya uwiano mwingine itaingia vizuri kabisa, itafunga, na itasoma uongo siku zote. Kosa la namna hii halina dawa ya kurekebisha.

Mita ikishukiwa yenyewe, ijaribu kwa drili. Kata kipande cha waya wa kebo ya zamani chenye ncha nzuri, kifunge kwenye drili, uzungushe mita. Kwa uwiano wa 1:7, drili ikizunguka 500 kwa dakika mshale usome 3,500. Angalia kwanza kebo inazunguka upande gani kwa kupiga kiki kebo ikiwa imefunguliwa juu. Ukizungusha kinyume utausukuma mshale kwenye kizuizi chake.

Mita ya umeme

Hapa waya ni tatu: moto wa swichi, athi, na waya wa mipigo kutoka koili au CDI (kisanduku cha elektroniki kinachowasha cheche). Rangi hutofautiana kwa kampuni, na watu huunguza fyuzi kwa kudhani nyeusi ni athi kila mahali. Kwa Honda, kijani ni athi na nyeusi ni moto wa swichi. Kwa Yamaha, nyeusi ndiyo athi na kahawia ni moto. Suzuki hutumia nyeusi yenye mstari mweupe kwa athi na chungwa kwa moto. Kawasaki, nyeusi yenye mstari wa njano kwa athi na kahawia kwa moto. Waya zikiwa zimeshaguswa na mafundi watatu, usiamini rangi, amini multimita.

Anza na athi. Weka multimita kwenye volti za DC, pini nyekundu kwenye waya wa athi wa mita, nyeusi kwenye ncha hasi ya betri, injini ikiwaka na taa kubwa ikiwa imewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kutu njiani. Fungua koneta za ndani ya taa kubwa, safisha kwa msasa laini, na usafishe pale waya wa athi unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma king'ae. Mshale unaocheza kila indiketa inapowaka karibu kila mara hupona hapo. Kisha pima betri kwenye resi ya 4,000 hadi 5,000: inatakiwa iwe volti 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regyuleta imeharibika, na ukiacha hivyo utabadilisha mita tena mwaka huu.

Baada ya hapo tazama plagi. Plagi yenye rezista ina herufi R kwenye jina lake, mfano NGK BPR7ES, BP7ES haina. Kofia nyingi za plagi nazo zina rezista ya kilo-omu 5. Fundi akikuwekea plagi isiyo na R na kofia ya bei rahisi isiyo na kitu, cheche hurusha kelele za umeme ambazo mita huzihesabu kama mipigo, na mshale huruka juu. Rudisha moja kati ya hizo mbili. Waya wa mipigo usilale sambamba na waya mnene wa plagi. Na kama pikipiki ina chaja ya simu, redio, kifaa cha kufuatilia pikipiki na taa za LED za mapambo, chomoa kimoja kimoja injini ikiwaka ukitazama mshale.

Kwenye pikipiki za pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili koili itoe cheche), pengo la milimita 0.3 hadi 0.4 ndilo la kawaida. Springi ya pointi ikilegea, pointi hudunda resi za juu na mita huongeza.

Nusu na mara mbili zina hesabu yake. Injini ya silinda moja inayowashwa kutoka kwenye kranki hutoa mpigo mmoja kila mzunguko. Ile yenye pointi kwenye kamshafti hutoa mmoja kila mizunguko miwili. Mita ya gari la silinda nne hutarajia miwili kila mzunguko, kwa hiyo ukiifunga kwenye pikipiki ya mpigo mmoja inasoma nusu. Vilevile usiunganishe mita ya koili ya kawaida moja kwa moja kwenye koili ya CDI. Mle mna volti mamia, na multimita ya bei ya chini nayo itaungua ukiichokonoa hapo.

Mita ikiwa sawa asubuhi na kupotea ikipata joto, ndipo uifungue. Inua ukingo wa chuma kidogo kidogo kuuzunguka kwa bisibisi butu, usiung'oe upande mmoja, na usiuchomoe mshale. Tafuta nyufa za kulehemu kwenye miguu ya vipuri, zilehemu upya, kisha badilisha kapasita za elektroliti kwa zenye mikrofaradi ile ile, volti sawa au zaidi, za kuvumilia nyuzi 105. Angalia upande wa hasi. Kama kuna kirekebishi kidogo cha kuzungusha, weka alama ya kalamu pale kilipo kabla ya kukigusa, na urekebishe kwenye 4,000, si kwenye resi ya chini.

Ukirudisha ukingo, uzibe kwa silikoni isiyonuka siki. Ile ya siki hutoa asidi inapokauka na kula shaba ya bodi, na presha ya maji ya kuoshea pikipiki itamalizia kazi.