Jinsi ya kuanzisha mpango wa jamii wa kuwaepusha wakosaji wa mara ya kwanza na kesi

Kabla ya kutafuta ofisi au watu wa kujitolea, nendeni kwa mwendesha mashtaka. Bila sahihi yake mpango hauwezi kufuta shtaka, na mkosaji hana sababu ya kuumaliza. John Augustus, fundi viatu wa Boston, Marekani, alianza mwaka 1841 kwa kumdhamini mlevi mmoja mahakamani, na kazi yake ikaandaa njia ya sheria ya uangalizi (mkosaji kuachwa huru chini ya usimamizi badala ya kufungwa) ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1878. Lakini yeye aliingia kesi ikiwa imeshafunguliwa. Kumzuia mtu asifike huko kulichelewa hadi miaka ya 1960: mwaka 1965, Flint, Michigan, ofisi ya mwendesha mashtaka ilianza kuwakabidhi raia uangalizi wa wakosaji wa mara ya kwanza badala ya kuwashtaki.

Makubaliano yenu yataje makosa yanayopokelewa, anayechagua washiriki, na muda. Yaseme pia kwamba lolote alilosema mshiriki halitatumika dhidi yake jalada likirudi mahakamani. Kipengele hiki kikikosekana, mawakili watawashauri wateja wao wakatae, na watakuwa sahihi.

Uteuzi wa washiriki ndio unaoharibu mipango mingi. Manhattan, New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, washtakiwa walipewa ushauri na msaada wa kupata kazi, na aliyefanya vizuri akafutiwa kesi. Tathmini ya baadaye, iliyowalinganisha na watu wasioingizwa kwenye mpango, ilionyesha kwamba wengi wangeachiwa hata hivyo. Mpango ulikuwa umewaongezea masharti watu ambao mahakama isingewagusa. Kwa hiyo kila jalada liulizwe kwanza: bila sisi, mtu huyu angeshtakiwa kweli? Ushahidi ukiwa dhaifu, aende zake. Anayekana kosa naye asishawishiwe. Ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Anayekubali azungumze na wakili kabla ya kutia sahihi.

Kikao cha kukubaliana masharti kiwe na mkosaji, mratibu, watu wawili au watatu wa jamii, na mwathiriwa akiridhia mwenyewe. Elmira, Ontario, Kanada, mwaka 1974, vijana wawili walioharibu mali za watu 22 walipelekwa kuonana na waathiriwa, kisha wakalipa hasara. New Zealand iliweka kikao cha familia, cha kushughulikia makosa ya vijana, ndani ya sheria mwaka 1989.

Masharti yasizidi matatu, na kila moja lihusiane na kosa. Siku 90 zinatosha kwa makosa madogo. Ongezeni hadi miezi sita pale fidia inapolipwa kwa awamu. Saa 20 hadi 40 za kazi ya jamii zipangwe nje ya saa za shule au ajira, la sivyo mtamfukuzisha kazi mtu mliyetaka kumwokoa. Msitoze ada ya kujiunga: asiye na pesa atarudishwa mahakamani kwa sababu ya umaskini wake tu.

Akikosa kufika, apigiwe simu ndani ya siku mbili, aulizwe sababu, ratiba irekebishwe. Mara nyingi ni nauli au zamu ya kazi. Jalada lirudishwe baada ya onyo la maandishi, si kabla.

Akimaliza, barua ya kufunga shauri iandikwe siku hiyohiyo kwa nakala tatu: polisi, mwendesha mashtaka na mshiriki. Baada ya siku 30 mratibu aende mwenyewe polisi kuhakiki daftari, maana rekodi ya kukamatwa isiporekebishwa, mwajiri ataikuta.